Maombi ya Kambi ya Skauti Isiyo na Watoto

Kundi la Skauti Tumbawe,
Pande, Kilwa.

Ndugu Kamishna wetu wa Skauti, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SKAUTI MBONI ISMAILI, MIAKA 13, KWA KOSA LA KUSHIKA KANUNI ZA SKAUTI KAMA ZILIVYOANDIKWA

Natumaini hujambo na ofisi haijambo. Sisi huku Pande hatujambo kidogo. Mimi ni Mwahija Salumu, yule binti wa banda la kutengeneza simu pale sokoni, na tangu Machi ni katibu wa viongozi wa kujitolea wa kundi hili. Tuko watu wazima tisa. Wenzangu nane wamenituma nikuandikie kwa sababu wao wakianza kuandika wanatofautiana kwenye neno la kwanza.

Wamesema niandike kwa heshima na nisizunguke, basi sizunguki. Tunaomba kibali chako Mboni avuliwe uongozi wa Kikosi cha Ngisi Jumamosi hii baada ya alasiri, mbele ya wenzake wote, iwe fundisho. Bila neno lako hatuwezi, ndiyo taratibu. Na mama yake ameshasema, mwanawe akivuliwa hadharani hatakanyaga tena skauti, atakaa nyumbani abangue korosho. Kwa hiyo jambo lenyewe si dogo, naomba usome ukiwa umekaa.

Ilikuwa hivi. Likizo hii tulipiga kambi Kiswere siku tatu, watoto thelathini na mmoja. Wao walikaa kambi, sisi tulikaa chini ya turubai tukiwa na mada, "Maadili, Mabadiliko na Maisha ya Kambi." Mtoa mada alikuwa Mwalimu Sipriani, katelemka kutoka Rondo na bunda la flipchati refu kumzidi mwenyewe. Mimi nilishika maka peni. Nashuhudia mjadala ulikuwa mtamu. Moyo wa kujituma tuliujadili tangu chai ya asubuhi mpaka migongo ikatuuma. Katikati ya kazi hiyo ndipo watoto, wakiongozwa na Mboni, walipotufanyia haya yafuatayo.

1. Wema uliopita kiasi. Skauti anatakiwa atende jema kila siku. Haikuandikwa amtendee nani, na hapo ndipo tulipoumia. Watoto thelathini na mmoja waliamka alfajiri kutafuta mtu wa kumtendea wema, na nyumba iliyo karibu na kambi ni moja tu, ya Bi Amina, mjane, yeye na kuku wake. Ua wake ulifagiliwa mara nne. Mara ya nne hakukuwa na cha kufagia, ikabidi wafagie kuku. Kisha wakamtekea maji. Wakajaza mitungi, wakajaza ndoo, masufuria, mabakuli ya futari, wakajaza na kinu. Saa tatu tukamwona Bi Amina anaingia kambini kajitanda khanga, machozi yanamlenga. Akauliza, "Wanangu, aliyekufa ni nani? Maji mengi hivi mie nimeyaona kwenye msiba tu. Msinifiche." Tukamwambia hakuna msiba, ni wema. Akasema, "Haya, asanteni, lakini wema nao uende kwa zamu jamani, nitazama."

Sasa sisi pale pale tukawa na hoja nzuri ya kuunda kamati ndogo ya kuratibu wema, itoe mapendekezo mwezi wa tisa. Mboni akaokota kijiti, akachora zamu mchangani, huyu leo kwa Bi Amina, hawa pwani kwa wavuvi, wale msikitini kufagia, ikaisha. Hoja yetu ikakosa kazi. Hivi ndivyo mtoto anavyomvunja moyo mtu mzima anayetaka kuwajibika.

2. Utii uliovuka mpaka. Mwenyekiti wetu ni Mzee Bashiru, alikuwa mtunza bohari enzi zake, mtu wa amri. Siku ya kwanza alitangaza kwa kipaza sauti, asiingie mtu jikoni bila ruhusa ya kiongozi wa zamu, awe nani, awe nani. Watoto wakaitikia. Siku ya pili zamu ikawa ya Ngisi. Mzee akatoka kwenye mjadala, tulikuwa kwenye Nidhamu, karatasi ya sita, akaenda jikoni kufuata muhogo. Mboni kasimama mlangoni na mwiko.

"Shikamoo babu."

Unajua mwenyewe, Kamishna. Mtu akikuamkia huwezi kumfokea kabla hujaitikia, na marahaba ikishatoka, hasira inabaki nusu. Mzee akajaribu na hiyo nusu. "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua babu. Wewe ndiye uliyetoa amri."

"Basi sasa nasema nipishe!"

"Sawa babu. Kwa hiyo amri imefutwa, niwaite wote?"

Na hao wote walikuwa nyuma ya Mzee wamepanga foleni na sahani. Akaitazama sufuria, akaitazama foleni, akarudi kwenye Nidhamu bila muhogo.

3. Mbuzi. Huyu alikuwa mbuzi wa karamu ya siku ya kufunga kambi. Mzee Bashiru alimfunga mwenyewe, hakutaka mtoto aguse kamba. Akatueleza jina la lile fundo, na mwaka aliojifunza, na aliyemfundisha alitokea wapi. Alipomaliza kueleza, mbuzi alishaondoka. Ngisi wakafuata nyayo za kwato, wakapotelea huko saa nzima, wakamrudisha kutoka kwenye mikorosho ya watu. Hilo hatulalamikii. Tunalalamikia daftari la kambi, maana siku hiyo mwandishi wa daftari alikuwa Mboni, na ameandika kwa peni isiyofutika, "Mbuzi alitoroka. Sababu: fundo la Mzee Bashiru."

Mama Batuli, makamu mwenyekiti, mwanamke mwenye busara zake, alimwita pembeni kwa upole kabisa. "Mwanangu, andika upepo." Mboni akafikiri. Akasema, "Sawa mama, nitaandika upepo. Na jina la aliyeniambia niandike upepo nalo liende hapo hapo, au mstari wa chini?" Mpaka leo daftari linasomeka fundo.

4. Mabadiliko ya haraka. Mwalimu Sipriani alitufikisha kwenye azimio zuri sana, kwamba watoto washirikishwe kwenye maamuzi. Tulilipitisha kwa kura tisa kwa sifuri, na ili watoto wasituvuruge tuliwaomba wakacheze mbali. Turubai lakini halizuii sauti. Jioni wakaitisha kikao chao. Kamishna, kikao kilianza wali unapaliwa makaa na kikaisha wali haujaiva! Hakikuwa na mtoa mada. Hakikuwa na neno la shukrani. Waliamua tu, kila mtu mzima aingizwe kwenye kikosi na apangiwe zamu, halafu wakatuletea orodha ya majina yetu. Mimi niliangukia Ngisi, kuosha masufuria. Nikaosha. Nakiri udhaifu wangu, nilifurahi kinoma, hata mgongo uliacha kuuma. Wenzangu nane waliomba ufafanuzi, na mpaka kambi inavunjwa walikuwa bado wanausubiri.

5. Kosa lenyewe. Siku ya kufunga walikuja wazazi, na mgeni rasmi alikuwa Bi Kadija kutoka Lindi, mkunga mstaafu, nusu ya wazazi waliokuwepo aliwapokea yeye duniani. Mzee Bashiru akasoma risala. Risala ilisema viongozi tulishirikiana bega kwa bega na watoto kusimamisha mahema, kuteka maji na kuchimba choo. Niliiandika mimi, sikatai, na ilikuwa imepangika. Bi Kadija akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwinamia Mboni aliyekuwa ameshika bendera.

"Eti mjukuu wangu, hawa wakubwa zenu waliwasaidia?"

Mboni akapiga saluti. "Hapana, bibi. Walikuwa kwenye mjadala."

"Mjadala wa nini?"

"Wa ukweli, bibi."

Wazazi walicheka mpaka mzee mmoja kofia ikamtumbukia kwenye mchuzi. Bi Kadija hakucheka. Alisema angependa kukiona hicho choo, na kwa heshima ya kiti akamwomba Mzee Bashiru atangulie kumwonyesha njia. Mzee akatangulia, sisi nyuma, wazazi nyuma yetu. Akatupeleka kushoto. Choo kiko kulia.

Ndugu Kamishna, usiku sikulala na wenzangu hawakulala. Tulipofika Pande tukakaa kikao cha dharura siku mbili, tukayafikiri maombi yetu kwa kina. Ni haya.

Kwanza Mboni avuliwe, kama nilivyosema.

Pili, kanuni irekebishwe kidogo tu. Tulipendekeza isomeke, skauti husema kweli, isipokuwa mbele ya mgeni rasmi. Mmoja akaongeza, na mbele ya mzazi. Mwingine akaongeza, na kwenye daftari. Na mtu mzima akiwa anakula. Na mtu mzima akiwa anaeleza fundo. Tulipomaliza kuongeza, kweli iliyobaki ilikuwa ya kusemwa usingizini tu, na hapo Mama Batuli akakumbusha kwamba wapo watoto wanaoota kwa sauti.

Ndipo tukagundua kumvua Mboni peke yake hakutoshi. Akivuliwa yeye, uongozi unakwenda kwa msaidizi wake Imani, miaka kumi na moja, na Imani ndiye aliyekuwa ananong'ona kule njiani, "Kulia, babu, kulia." Ukimvua Imani anafuata yule aliyejaza maji kwenye kinu. Tukaenda hivyo hivyo jina kwa jina mpaka la thelathini na moja, hatukupata hata mmoja aliyesalimika. Wote wameshika kanuni. Sijui waliipatia wapi, maana sisi tuliwasomea mara moja tu, siku ile ya kuwavisha skafu, tena kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Kwa hiyo ombi la tatu, ambalo ndilo kubwa, tunaomba kambi ya Desemba iwe ya watu wazima peke yetu. Tusifichane, mada zote tulizobakiza zinawahusu watoto, na mada za watoto haziwezi kwenda vizuri watoto wakiwepo. Maji tutayapitishia azimio. Nyimbo tutaimba wenyewe. Kuhusu choo, kamati ndogo imeundwa. Na tukifanikiwa Desemba, tungependa mwakani kundi zima liwe hivyo, skauti wa watu wazima, skafu tunazo, kaptula tutavumiliana. Watoto watakuwa wanaletwa mara moja kwa mwaka, siku ya mgeni rasmi, wapige makofi warudi kwao.

Najua una mengi mezani. Wasalimie wote hapo ofisini, yule karani wako mwenye sauti nzuri ya simu, na dereva, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti siku ile nilipokuja na jua lote. Nyumbani kwako wape salamu wakubwa kwa wadogo. Mama yangu anakusalimu, Bi Amina anakusalimu, anasema maji bado anayo.

Kwa unyenyekevu, na kwa kutumwa,

Mwahija Salumu,
Katibu wa viongozi wa kujitolea, Tumbawe.

NYONGEZA. Nimerudi tena, Kamishna, usiikunje barua. Nilipompigia karani wako kumwambia naileta, akanijulisha kwamba malalamiko ya kumvua kiongozi yanataka mashahidi watatu waliokuwepo kambini, wasaini chini ya maneno "Haya yote ni kweli," na mwandishi mwenyewe hahesabiwi. Nimezunguka Pande siku mbili. Mzee Bashiru alisoma mpaka kwenye mbuzi, akasema miwani imegoma. Mama Batuli nilimkuta mikono ina unga, nikarudi jioni bado ina unga. Mwalimu Sipriani nilimsomea kwa simu, ameipenda sana, anasema inafaa ijadiliwe. Waliobaki wote wanaiunga mkono kwa moyo, ila majina yao yasionekane.

Leo asubuhi Mboni amekuja bandani. Alisikia nina karatasi inayomhusu, akaomba kuisoma. Kaisoma yote kasimama, mdomo unatembea. Nikasubiri alie, au anitukane, ningekuwa mimi ningetukana. Akasema, "Dada Mwahija, hapa umekosea. Mbuzi hatukumrudisha sisi. Alichoka mwenyewe akatufuata." Nikarekebisha? Sikurekebisha, nimekuachia uone. Kisha akaomba peni, akasaini chini ya yale maneno, jina zima, tarehe nzima. Nikamwambia wewe mtoto, unajua umesaini nini? Akasema anajua, kasaini kwamba ni kweli. Halafu akaniuliza, "Dada, nikishavuliwa Jumamosi, hii sahihi bado itahesabiwa?"

Ninachojua, kati ya watu wote waliokuwepo Kiswere, mashtaka haya yana shahidi mmoja tu, naye ndiye mshtakiwa. Kwa hiyo nakuomba, kabla ya Jumamosi, uisome upya barua hii tangu juu, safari hii kama barua ya kuomba Mboni apandishwe cheo. Hoja ni zile zile. Sikuona haja ya kubadilisha hata nukta.