Kiboko Mdogo Mbele ya Bendera

Marafiki, heshima yangu imekufa leo asubuhi. Imekufa mbele ya bendera, shule nzima imepanga mistari.

Mnajua kazi yangu: mkuu wa nidhamu katika sekondari moja hapa Kisangani. Nikikohoa, uwanja unanyamaza. (Ulikuwa unanyamaza.) Mnajua pia kwamba mwanangu wa miaka minne amebeba jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani, na hata shuleni, wote tunamwita Papa, yaani Baba. Na mwenye jina la mzee hafokewi ovyo.

Msichojua ni habari ya kitabu. Mama yake alimnunulia kitabu cha picha. Kiboko mkubwa anamlaza mtoto wake, anamuuliza kama amenawa miguu, kama amekojoa, kisha anamwambia anampenda. Nilipokifungua mara ya kwanza, mwanangu aliweka kidole kwa kiboko mkubwa. "Huyu ni miye." Halafu kwa mdogo. "Huyu ni weye." Nibishe vipi? Yeye ndiye Papa. Tangu hapo yeye ndiye anayenilaza. Anauliza, ninajibu, ananifunika kitenge cha mama yake.

Jana nilichoka, nikasinzia kabla ya maswali. Leo mama yake amepanda boti kwenda Yangambi kumwona dada yake, nikalazimika kwenda kazini na mtoto. Akabeba kitabu. Nikamkalisha kwenye ngazi za ofisi, nyuma yangu, na mikate ya kukaanga mkononi.

Nikaanza na waliochelewa. Kijana mmoja nilimuuliza alikuwa wapi, akatazama viatu vyake. Nikawaka. Nikawaambia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto, kwamba mwalimu ni mzazi, na mzazi akikuuliza unasimama wima, unamtazama, unajibu mara moja na watu wote wasikie. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Hapo nikavutwa suruali.

"Kiboko mudogo, jana ulilala bila kujibu," akasema mwanangu, kitabu wazi mikononi. "Ulishakojoa?"

Nikajifanya sisikii. Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Nikamnong'oneza arudi kwenye ngazi. Wapi! Nikamtazama mkuu wa shule aniokoe. Naye alikuwa anaitazama bendera, mabega yanatikisika. Ndipo yule kijana aliyechelewa akasema, kwa adabu zote:

"Monsieur, muzazi anakuuliza."

Nifanyeje? Sheria ni yangu, na ilikuwa bado ya moto mdomoni. Nikasimama wima. Nikamtazama.

"Ndiyo, Papa. Nilishakojoa."

Jamani! Walicheka wanafunzi, wakacheka walimu, mpaka mama anayeuza ndizi nje ya ukuta akachungulia langoni. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mwanangu peke yake hakucheka. Alikuwa kazini, na kazi haijaisha. Akanivuta mpaka nikachutama, akaniwekea kichwani mkono wake uliojaa mafuta.

"Bon. Nakupenda, mutoto yangu. Papa iko hapa."

Baba yangu alikuwa mtu mwema. Alitulisha, akatusomesha sote, lakini neno hilo hakulisema hata siku moja. Nadhani naye hakuwahi kuambiwa. Sasa nalisikia kila jioni kwa mwenye jina lake, na kila jioni nashukuru kimoyomoyo. Leo limesemwa mbele ya watu wote, machozi yakanitoka palepale. (Niliwaambia ni vumbi. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa.)

Waliochelewa nimewasamehe wote. Sikuwa tena na uso wa kumwadhibu mtu. Tangu asubuhi wanafunzi wananipita wakiniuliza kwa heshima kama nimenawa miguu, nami najibu mara moja.

Chekeni basi, lakini chekeni polepole: Papa amesinzia kwenye kiti changu, na leo ni zamu yangu kumfunika.