Mvumbuzi Apeleka Posa

Hamtaniamini, na sitawalaumu; hata mimi niliyekuwepo huwa najikagua mara mbili kabla ya kusimulia. Binamu yangu Kitione amevumbua visiwa mia nne na kumi na viwili bila kulowesha hata ncha ya sulu, shuka lake la kiunoni!

Vyote vimo ndani ya simu.

Ni mchezo. Unapewa kijitu chenye mkoba, na ramani iliyofunikwa na ukungu. Ukitembea, ukungu unafunguka: hapa maporomoko, pale pango, ndani ya pango sanduku, ndani ya sanduku ufunguo wa pango jingine. Mimi nimesoma hadi darasa la sita, na hilo la sita nililipenda nikalirudia, lakini utamu wake niliuelewa upesi. Hapa kijijini nimeshapindua mawe yote tangu utoto. Chini ya kila jiwe kuna kaa yule yule. Kwenye simu, chini ya jiwe kuna ngazi!

Basi Kitione akawa hashikiki. Ukimtuma kuni, yuko katikati ya bahari. Ukimuuliza bahari ipi, anakutazama kwa huruma, kama nahodha aliyeulizwa njia na bata.

"Binamu," aliniambia, "wewe umezaliwa mahali palipokwisha kuvumbuliwa. Pole sana."

"Na wewe umezaliwa wapi, mtani?"

"Hapa umezaliwa mwili wangu tu."

Sasa mwili huo ulikuwa umependa! Ulimpenda Makereta, binti wa kijiji cha Navesi, ng'ambo ya mlima. Baba yake alisema wazi: leteni posa, yaani jino la nyangumi, Jumamosi, kabla jua halijafika utosini. Msipokuja, Jumatatu anakuja karani mmoja wa mjini Labasa, naye ana jino lake, tena kubwa.

Jumamosi asubuhi tukakuta mto umekula daraja. Gari haliendi. Mjomba Nemani, msemaji wetu, akasema twende kwa miguu, tutafute mtu anayejua njia ya mlimani.

Kitione akatuna kifua. "Mnaye mvumbuzi nyumbani, mnakwenda kuazima?"

Tukaondoka watatu: Kitione mbele na simu, Mjomba Nemani katikati na jino, mimi nyuma na mzigo wa mizizi ya kava, kinywaji cha kuwapa wakwe.

Njia panda ya kwanza. Kushoto njia pana, imekanyagwa, ina hata maganda ya machungwa. Kulia kichaka, matope na nyuki.

"Kulia!"

"Mwanangu," Mjomba Nemani akasema, "kushoto kuna nyayo za watu."

"Ndiyo maana! Walikopita watu, hazina imeshachukuliwa. Kanuni ya mvumbuzi: njia inayoonekana siyo, ndiyo yenye sanduku."

Jamani! Kwa kanuni hiyo tukamaliza njia panda saba. Kijito kimoja tulikivuka mara tatu, na mara ya tatu chenyewe kilikuwa kimeshatuchoka. Kitione kila mara alikitangaza kipya na kukipa jina! Mjomba Nemani alipopoteza kandambili moja, akaambiwa kila safari kuu ina wahanga wake.

Jua likikaribia utosini, tukatokea mgongoni mwa kijiji, kwenye mabanda ya nguruwe.

"Navesi!" Kitione akanyanyua mikono.

"Una hakika?" nikasema. "Si tuulize?"

Wote wawili wakanigeukia. Kweli, niliropoka. Unakwendaje kuposa, jino mkononi, halafu unauliza, samahani, hapa ni wapi? Aibu hiyo haifutiki hata kwa nguruwe kumi! Tukavua kofia, tukaingia nyumba kubwa, tukakunja miguu bila kuuliza.

Mjomba Nemani akaanza kusema. Loo! Msemaji kamili hataji jina la binti, ni utovu wa adabu. Alisema tumefuata ua la nyumba hii, ua linalonukia mpaka upande wa pili wa mlima. Mzee mwenye nyumba akashtuka kidogo, akawatazama wenziwe. Kisha akalipokea jino, akalibusu, makofi yakapigwa. Kwetu jino likishapokewa, neno limekwisha.

"Mwiteni Vilisi," akasema mzee, machozi yakimlenga.

Kitione akaninong'oneza, "Vilisi ni nani?"

Vilisi akaingia kwa kuinama, maana mlango ulikuwa mfupi kwake. Begani ana gunia la magimbi ambalo mimi ningeliomba radhi kabla ya kuligusa. Akalitua, nyumba ikatikisika. Alishakataa waposaji saba, na wote saba walikwenda zao wakishukuru.

Akamkazia macho Kitione. "Huyu?"

"Ndiye, mwanangu. Mungu amesikia."

"Baba, huyu leo amepita kando ya shamba langu mara tatu. Mara zote nimemsalimu. Mara zote amenijibu, 'Ngoja, kuna pango.'"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko! Mimi nikainamisha kichwa. Nilidhani ni wanawake watatu tofauti, kila mmoja na shamba lake.

"Wale saba," Vilisi akaendelea, "angalau walijua wamefika wapi. Kijana, hapa ni wapi?"

Kitione akaitazama simu. Simu imekwisha chaji. Mvumbuzi wa visiwa mia nne na ushei akajibu kwa sauti ya kifaranga, "Navesi?"

"Navesi ni pale." Akanyoosha kidole dirishani. Mabati yanametameta! "Mtoto wa miaka minne huenda na kurudi uji haujapoa."

Kurudisha jino lililopokewa si jambo dogo, lakini Vilisi naye si mtu mdogo. Akalitwaa kwa baba yake, akampa Mjomba Nemani kwa mikono miwili, akashika njia. Tukamfuata kama mbuzi waliokamatwa shambani.

Tulifika Navesi jua limeshapita utosini. Baba yake Makereta kanuna. "Mmechelewa," akasema. "Karani wa Labasa hajawahi kuchelewa." Makereta anachungulia, macho mekundu. Posa inakufa hivi hivi! Hapo ndipo mimi, jamani, nikasimama. Wazee mia mbili mbele yangu, mikuki mikononi! Nikatoa hotuba mpaka nguruwe wakalia, nikamtetea binamu yangu hadi baba mkwe mwenyewe akaanguka miguuni pangu akisema...

"Akisema nini?"

Nageuka, Kitione huyu hapa mlangoni, na mkewe Makereta nyuma yake, mtoto kiunoni.

"Mikuki ipi, binamu? Wazee walikuwa watatu, na mmoja alikuwa bibi. Wewe ulikuwa chali kwenye mkeka unakoroma. Aliyesimama ni Vilisi."

"Mtani, ngoja nimalizie..."

"Wala hakusema mengi," Makereta akadakia. "Alisema, 'Mzee, mpokeeni huyu leo leo, maana mkimfukuza atapotea, na akipotea anatokea kwangu.'"