Malalamiko Kuhusu Mchumba Aliyenipeleka Kuwinda Zizini

South End, Louisville
Jumanne, tarehe 18 Novemba

Kwa Mzee Karaha, mshenga wa upande wa Rwema,
Linden, Columbus.

Mshenga mheshimiwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi hapa Louisville tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao bado haujakubali kurudi kutoka Ohio. Nakuandikia kama baba yake Isaro, kwa heshima zote, kuomba uchumba wa Rwema usimamishwe. Sababu ni mawindo.

Mwanzo wake unaujua, maana nililala kwako. Rwema aliomba ruhusa ya siku mbili kiwandani kwao Buffalo, akaendesha gari hadi Linden ili anichukue tukawinde elki, yule kulungu wa huku aliye mkubwa kama fahali. Alisema anataka kumheshimu mkwe wake, kwa kuwa nilikaa na ng'ombe miaka thelathini kule milimani kabla sijawa mpanga maboksi. Nia ilikuwa njema. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuna uzio. Unazunguka msitu mzima, na geti lake lina kufuli. Kwetu mnyama aliye ndani ya uzio anaitwa mfugo, na mtu anayeingia zizini mwa wenzake na bunduki ana jina lake. Watu wa jina hilo ndio waliotufanya wewe na mimi tuhamie nchi ya theluji. Sikutegemea binti yangu aolewe upande ule.

2. Mnyama alichaguliwa kwenye albamu. Kiongozi wa mawindo, mzungu mpole anayeitwa Dale, alitufungulia kitabu cha picha, kila elki na namba yake na kipimo cha pembe zake. Rwema akanyoosha kidole kwa namba 41. Nikakumbuka kwamba hata Isaro, Rwema alimwona kwanza pichani, kwenye simu ya shangazi yake. Bon, sisemi zaidi.

3. Tuliketi ndani ya kibanda kilicho juu ya nguzo, kwenye viti vya mito, na hita miguuni. Nimechunga huku mvua ya mawe ikinipiga kichwani, na sijawahi kusinzia kazini mpaka siku hiyo. Saa mbili asubuhi chombo kikamwaga mahindi chenyewe, na namba 41 akatokea kwa wakati, jambo ambalo kanisani kwetu limetushinda. Alivaa hereni ya plastiki yenye namba. Sisi kwenye kambi ya wakimbizi tulikaa ndani ya uzio miaka tisa, tukapewa namba, na mahindi yalikuja yakichelewa. Hakuna aliyejali kutupima pembe.

4. Hili ndilo zito. Niliona namba 41 anachechemea mguu wa mbele. Mdomo wangu ukapiga mluzi wa kuitia ng'ombe bila kuniuliza. Akaacha mahindi, akaja hadi chini ya kibanda, akainua kichwa. Rwema alikuwa ameshamlenga.

Akaninong'oneza, "Baba, nipige?"

Nikamwambia, "Mwindaji ni wewe."

Akachungulia tena chini. "Baba, anakutazama wewe. Siwezi." Akaiweka bunduki chini.

Sasa, mshenga, kijana aliyeshindwa kumpiga mnyama aliye mita nne mbele yake, nyumba atailindaje? Na kama angempiga, leo ningekuandikia kwamba ni mkatili. Najua mambo haya mawili hayapatani. Mimi ni mkwe, si hakimu.

5. Nilishuka. Dale alipaza sauti kwa Kiingereza, lugha ambayo asubuhi hiyo sikuielewa. Nikaushika ule mguu, nikakuta jiwe limekwama katikati ya kwato na pameanza kuoza. Rwema akashuka bila kuitwa, akashika pembe zote mbili. Alitetemeka mpaka nikasikia meno yake, lakini hakuachia hadi nilipolitoa jiwe kwa kisu. Donc, ni mwoga asiyekimbia. Katika ukoo wetu hatuna mtu wa aina hiyo, na sijui tumweke wapi.

6. Tulirudi bila nyama. Vestine, mke wangu, alikuwa ameazima friza za nyumba tatu.

Kwa hiyo naomba harusi isubiri mpaka Rwema awinde kitu kisicho na geti. Na siku akifanikiwa, harusi ivunjwe kabisa, kwa sababu sitaki muuaji wa wanyama katika familia. Isaro nimeshamweleza uamuzi huu. Alinijibu kwa Kiingereza kwa muda mrefu, kisha akafunga mlango taratibu, na Vestine anasema hivyo ni vibaya kuliko kuubamiza.

Msalimie Mama Béatrice, mkeo, na umshukuru kwa blanketi la tatu. Wasalimie wazee wote wa Columbus, kwaya, na mgonjwa wa ghorofa ya juu. Salamu za Buffalo zipeleke wewe, kwa sasa mimi siwezi.

Ndimi mkweo mtarajiwa, au asiyetarajiwa tena, kadiri utakavyoamua,

Semahoro

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Dale amepiga simu, Isaro akatafsiri. Wanyama wao kadhaa wana kwato mbovu, na wanatafuta mtu wa kuwatunza kila Jumamosi. Nilisema ndiyo Isaro akiwa bado katikati ya sentensi. Ni miaka kumi na minne sijanuka zizi. Basi la kufika kule hakuna, na mimi sina leseni, lakini Rwema anasema yuko tayari kuhamia Louisville na kunipeleka. Isaro anataka harusi iwe mwezi wa saba. Tafadhali nisaidie kumshawishi iwe mapema zaidi, maana elki huanza kuzaa mwezi wa tano, na mtu wa kushika pembe ninaye huyo mmoja tu.