Malalamiko ya Fundi Cherehani Kuhusu Riwaya Iliyovikwa Gazeti

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mtaa.

Mheshimiwa,

KUHUSU: OMBI LA KUMFUTIA MKE WANGU KADI YA MAKTABA

Natumaini u mzima pamoja na vitabu vyako. Mimi ni fundi cherehani, mtu mpole, na hapa nilipo nimejizuia sana.

Mke wangu ameazima kwenu riwaya. Jina lake silijui, kwa kuwa ameivika gazeti isichafuke. Hunisomea kwa sauti nikiwa nashona, sura moja kwa siku. Ni kisa cha muuguzi aliyeolewa na seremala mmoja wa hovyo kabisa. Madhara yake ni haya:

1. Siku muuguzi alipougua, na seremala akauliza chakula kiko wapi, nilipandwa na hasira nikashona suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja ukaziba chini. Hajanisalimu tangu siku hiyo.

2. Wateja wanakata vifungo vyao makusudi ili wapate sababu ya kukaa dukani. Kinyozi wa jirani alimwacha mtu na kichwa nusu asije akakosa sura ya tisa.

3. Mama mkwe amehamia kwangu ili asikilize. Sina neno, ni mzazi wangu. Lakini kila seremala akitajwa, ananitazama mimi.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Mwandishi huyu ananipeleleza! Seremala huweka penseli nyuma ya sikio, kama mimi ninavyoweka chaki. Akiletewa chai husema imepoa, halafu anaimaliza. Hajamsifu mkewe tangu siku ya harusi, na hata siku hiyo alisifu viti. Mimi nilisifu gauni, tena kwa haki, maana nililishona mwenyewe. Hayo mengine ni siri za nyumba yangu. Ameyapata wapi?

5. Jana sura iliishia muuguzi amefunga sanduku, mkono uko kwenye kitasa. Mke wangu akafunga kitabu, akaenda kuanua nguo. Nilimbembeleza anisomee japo nusu ukurasa, akakataa katakata. Mheshimiwa, roho inaniuma. Sijui kama anaondoka.

Kwa hiyo naomba kadi ifutwe, riwaya zote ziondolewe rafuni, na mwandishi aitwe ajieleze mbele yangu, mama mkwe asiwepo. Zibaki ramani tu. Kwenye ramani hakuna mume anayesemwa vibaya.

Nisalimie wafanyakazi wote, mlinzi wa getini, na yule dada anayegonga mihuri kama ana ugomvi na meza.

Wako mwenye subira iliyobaki kidogo,
Fundi Cherehani

N.B. Mke wangu ametoka kwenda sokoni, nami nimefungua kitabu kutafuta mwisho. Ni mwongozo wa kufuga kuku. Nimekipekua chote, hamna muuguzi wala seremala. Kuna mabanda, chanjo na picha ya jogoo. Basi kadi msiifute, na mwandishi msihangaike kumwita, nakaa naye. Kitabu kinatakiwa kurudi Ijumaa. Tafadhali mwongezeeni muda, hata wiki mbili, na msimwambie kwamba nimechungulia. Seremala bado anaweza kujirekebisha. Barua hii imelowa kidogo kwa sababu seremala huyo ameacha vyombo nusu jikoni aje kuiandika, ndiyo kwanza anajifunza kuviosha.