Makande Kifuani kwa Baba Mkwe

Leo nimejiaibisha, tena ukweni. Nimesharudi Same, nimejifungia ndani. Naandika mwenyewe kabla shemeji hajawasimulia kwa chumvi zake. (Ingawa kisa chenyewe hakihitaji chumvi.)

Mnajua nilikuwa nakwenda Makanya kwa kina Nakijwa kujitambulisha. Baba yake alishasema hapokei barua ya posa ya mtu ambaye hajamwona kwa macho. Nakijwa akanipigia debe wiki nzima: "Baba, ni mtulivu. Hana papara hata kidogo." Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja tu. Kutulia.

Nimefika mchana, jua linachoma mpaka nyayo. Mzee yuko kazini kwenye machimbo ya jasi, atarudi jioni. Nikamwamkia mama mkwe kwa adabu, nikakaa mbali naye kama inavyotakiwa, macho chini. Nikaletewa makande. Nikamaliza, nikaongezwa. (Utakataaje ukweni?)

Kiondo, kaka yake Nakijwa, ndiye aliyeharibu siku. "Shemeji, nasikia wewe ni bingwa wa muvi za zamani."

Ningekaa kimya! Lakini zile muvi nimekulia nazo kule Suji milimani, kwenye banda la video, benchi la mbele, na yule mtafsiri anayepiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Flashi yenye muvi hizo natembea nayo mfukoni. (Mtu mzima. Anayetaka kuoa.)

Tukaanza na ile ambayo dunia imekwisha, watu wanauana jangwani kwa ajili ya pipa la maji. Mama mkwe hakushtuka. "Mbona hata bombani kwetu tunagombana hivyo?" Tukaweka ya kutisha, wafu wanatoka ardhini wamejaa majivu mwili mzima. Kiondo akavuta mapazia ili picha ionekane vizuri. Sebule ikawa giza.

Hapo kichwa kikavimba. "Zamani nilikuwa nafumba macho," nikawaambia. "Siku hizi naona unga wa ngano tu." Nikawa natabiri kila kitu. Sasa atageuka nyuma. Sasa taa inazimika. Nakijwa akaninong'oneza, "Tulia basi, mama aangalie." Sikumsikia. Nikashika sahani yangu, makande ya nyongeza yamo bado, nikasema kwa sauti, "Sasa tazameni mlango. Maiti anaingia polepole, mweupe pee!"

Mlango ukafunguka. Si wa kwenye tivii. Wa sebuleni.

Amesimama mtu mweupe pee, kuanzia nywele mpaka viatu. Mpaka kope nyeupe! Akaninyooshea mkono.

Jamani, niliruka. Sahani ikatangulia. Kiondo anadai nilimwita mama yangu, halafu nikamwita bibi, ambaye ni marehemu. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kufumbua macho nikiwa nyuma ya mama mkwe, nimeng'ang'ania kanga yake kwa mikono miwili, uso nimeuficha mgongoni kwake. Mama mkwe! Ambaye hata kumpa mkono nilikuwa naona aibu!

Kwenye tivii mtafsiri anaendelea tu: "Steringi hana woga, watazamaji!"

Yule mweupe akashusha mkono. Akaanza kujipangusa maharage kifuani, moja moja.

"Nimewahi kutoka kazini nimsalimie mgeni," akasema. "Mama Nakijwa, huyu ndiye yule asiye na papara?"

"Ndiye," mama mkwe akajibu. Nikausikia mgongo wake unatikisika kwa kicheko.

"Shikamoo, baba," nikasema kutoka hukohuko nyuma ya mkewe.

"Marahaba. Achia kanga ya mke wangu."

Vumbi la jasi, jeupe kama chokaa! Anarudi nalo nyumbani kila siku ya Mungu, na Makanya nzima inalijua. Ila mimi, mtoto wa milimani, nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa machimboni akitoka kazini.

Akaenda kuoga, akarudi mzee wa kawaida kabisa, mfupi, mpole. Akaomba muvi irudishwe mwanzo, akaiangalia yote bila kupepesa. Mimi nikaangalia sakafu. Wakati wa kuaga hakugusia posa. Alinipa mkono tu: "Haya, kijana." Njia nzima roho iliniuma. Nampenda yule binti, jamani, na nimemmwagia baba yake makande.

Sasa hivi Nakijwa amenipigia. "Baba amekubali. Mshenga aje."

Nikaruka juu ya kitanda!

"Ila ana sharti," akaendelea. "Jumamosi uende kwanza machimboni ukawaamkie wenzake. Ameshawasimulia, wanakusubiri kwa hamu. Wamesema hawanawi vumbi mpaka ufike."

Naombeni msicheke. Mwenye roho ngumu anisindikize.