Bibi Agripina Hajasahau Kitu

Nyamiaga, Ngara

Ndugu Mkuu wa Utafiti wa Ugonjwa wa Kusahau,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, basi mambo. Mimi ni Anatoli, mjukuu wa Bibi Agripina, yule mliyempima Jumatatu. Nimesoma hadi kidato cha pili, na shule niliiacha mimi, si yenyewe iliyoniacha, kwa hiyo msidhani barua hii nimeandikiwa. Mmesema bibi aletwe hospitali Alhamisi apigwe picha ya ubongo. Haji. Sababu ni hizi:

1. Mlimwuliza leo ni tarehe ngapi. Akajibu, "Ni siku ya kupalilia maharage." Mkampa sifuri. Shamba lenyewe limejaa magugu! Nani kati yenu alilitazama?

2. Mlimpa njiti za kibiriti apange umbo kama mlilopanga ninyi. Yeye akawashia moto, akawapikia ndizi. Sifuri tena. Ila ndizi mlikula zote, na dereva wenu akaongezwa sahani.

3. Mlimtoa damu, mkajisifu kwamba siku hizi wataalamu wanausoma kwenye damu ugonjwa ambao bado haujajitokeza. Hongereni. Basi nipimeni na mimi, maana hesabu nilizisahau kabla sijafundishwa. Tena mnasema damu hiyo itapanda ndege, na mwenyewe hajapanda hata basi la Biharamulo.

4. Hili ndilo limeniuma. Nilipoingia na ndoo ya maji, bibi alisema, "Mume wangu, umechelewa, hawa wageni wangeniiba." Mara yule kijana wenu mwenye miwani akaandika: hamtambui mjukuu wake. Jamani! Bibi ananiita mume wake tangu nazaliwa. Mabibi wote wa hapa wana waume wa namna hiyo, wafupi, wenye kamasi. Nami namwita mke wangu, namtishia kwamba nitaoa mwingine mwenye meno. Ninyi mlilelewa na kuku? Siku bibi akisahau utani wa mjukuu wake, hapo ndipo muandike kwamba amepotea.

Kwa hiyo naomba sifuri zote zifutwe. Yule wa miwani aje aombe radhi, na asije mikono mitupu. Na mkirudi tena, bibi ndiye atakayewapima: kila mmoja ataje babu zake hadi wa saba, bila kuangalia simu. Tutaona nani atapelekwa kupigwa picha.

Wasalimieni wote wa maabara. Dereva mwambieni sufuria bado ipo.

Ni mimi, mume halali wa Bibi Agripina,
Anatoli

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga. Asubuhi hii nimempelekea bibi uji, nikamwambia, "Mke wangu, amka, mke mdogo ameshafika." Hakucheka. Alishuka kitandani, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba." Nikangoja acheke. Akarudia. Nikaitikia marahaba, ili ainuke.

Alhamisi mnafungua saa ngapi?