Mkaguzi, Koti Langu na Ubeti wa Chelimo

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ya kuteleza kwenye matope pale stendi ya Molo, hiyo nimeizoea. Hii ni ya kuangushwa na shairi la mtoto wa gredi ya sita, mbele ya mgeni.

Wacha nianze mwanzo, ndio mnicheke kwa mpangilio.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wa muda. Maana yake nalipwa na wazazi wakiuza viazi, na viazi vikioza shambani, na mimi naoza navyo. Sasa imetokea nafasi moja ya kudumu shuleni kwetu. Mwalimu mkuu akaniambia mkaguzi anakuja kuniangalia nikifunza, na ripoti yake ndiyo itaamua. "Ukiniangusha, rudi kwenu Kuresoi ukalime," akasema. Anatania huyo. (Hatanii.)

Somo lenyewe: kutunga ubeti mfupi kuhusu mhusika wa riwaya. Riwaya tunayosoma ina Bwana Gunia, tajiri anayenunua viazi vya watu kwa magunia yaliyovimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi, akilipa bei ya gunia la kawaida. Halafu kuna Neema, msichana anayemkatalia mbele ya soko zima. Watoto wanakipenda hicho kitabu mpaka wanakigombania. Kazi ilikuwa rahisi tu: wape kalamu, waache waandike.

Lakini mimi si ni mwerevu?

Beti zote nikatunga mwenyewe. Nikawagawia watoto, wakakariri. Nikamwaga humo Kiswahili cha kumtisha mkaguzi: muhibu (yaani mpenzi), hidaya, nadhari. Kisha tukaanza mazoezi ya somo, kila siku, maswali yakifuatana vilevile na kila swali likiwa na mtoto wake wa kulijibu. Na ile sheria mnayoijua, msijifanye hamjui: mwenye jibu ainue mkono wa kulia, asiye na jibu ainue wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono, mwalimu anachagua wa kulia, maisha yanaendelea.

Asubuhi nikavaa koti la suti. Molo ilikuwa na baridi ya kuuma meno, lakini jaketi yangu nzito nikaiacha nyumbani kwa sababu inanuka maziwa. Nikafika shuleni nimependeza, natetemeka.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi, kofia ya sufu kichwani, mpole kabisa. Akaketi nyuma ya darasa na mwalimu mkuu.

"Hamjambo, wanangu wapendwa!" nikaanza.

Watoto wakatazamana. (Jana niliwaita mizigo.)

Swali la kwanza likaenda sawa. Nikaona kumbe kazi ni yangu hii, nikaanza hata kuwazia kununua sofa. Hapo ndipo woga uliponipiga kofi, nikaruka swali la pili.

"Ubeti wetu una mistari mingapi?"

Mikono ikajaa. Nikamchagua Kamau, wa kulia, zamu yake ilikuwa imefika.

"Ni mchoyo, tena katili!"

Ngai! Hilo lilikuwa jibu la swali nililoruka. Nikarudi nyuma haraka kuziba shimo. "Asante, Kamau. Sasa, Bwana Gunia ana sifa gani?"

Mtoto wa zamu iliyofuata akasimama wima kama askari. "Minne, mwalimu!"

"Na Neema alimwambia nini pale sokoni?"

"Mizani nane kwa kila mstari!"

Hakuna aliyecheka. Watoto wangu wana nidhamu, walijibu kama walivyofunzwa. Mwalimu mkuu alianza kujikuna shingo. Nikaona heri nikimbilie mashairi, nikamwita msichana wa mbele asome ubeti wake. Akasoma vizuri, macho ameyafumba, "Ewe muhibu wa nadhari," mpaka mwisho.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema kutoka nyuma. "Na muhibu ni nini, mama?"

Mtoto akafungua macho. Akaniangalia. Nikaangalia ubao.

"Ni ugonjwa wa ng'ombe, madam."

Mkaguzi akainuka polepole, akaja mbele. "Mwalimu, naomba nikusaidie kidogo." Mkisikia mkaguzi anataka kuwasaidia, anzeni kufunga virago. Akauliza darasa: "Nani anaweza kunitungia ubeti sasa hivi, wa mhusika yeyote anayemjua? Si lazima awe wa kitabuni."

Msitu wa mikono, kama kawaida. Akapita wa kulia wote. Akasimama dirishani kwa Chelimo, msichana mkimya ambaye muhula mzima sijamsikia akisema zaidi ya "present".

"Wewe."

Chelimo akashtuka. "Lakini madam, mimi ni wa kushoto."

"Naona."

"Wa kushoto huwa hatuulizwi."

Mwalimu mkuu akainua macho kuangalia dari. Hatuna dari. Aliangalia mabati, akayaangalia sana.

"Leo umeulizwa," mkaguzi akasema. "Chukua muda wako."

Chelimo akauma kalamu. Akaangalia nje, akaniangalia mimi, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mimi namkonyeza aweke Neema, hata Bwana Gunia tu. Wapi! Akasimama na sauti yake ndogo:

"Ana koti la wageni,
siku nyingi halivai;
leo yuko darasani,
siku nyingine ni chai."

Mkono wangu ukiwa mfukoni nikahesabu mizani kwa vidole, nikitafuta kosa. Nane, nane, nane, nane. Vina vimekaa sawa. Haki ya nani, huyu mtoto nani amemfunza? (Mimi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.)

"Na huyo ni mhusika gani?" mkaguzi akauliza darasa.

Mikono yote juu. Yote ya kulia! Hata wale wawili wanaolalaga pale nyuma.

"Ni mwalimuuu!"

Walicheka mpaka dawati likaanguka. Mwalimu mkuu naye akashikwa na kikohozi cha ajabu, kitambaa mdomoni, mabega yanaruka. (Na hiyo chai ya wakati wa vipindi tunakunywa naye!) Mimi nikatabasamu. Sijui kwa nini. Ukivuliwa nguo hadharani, nafikiri uso hujiamulia wenyewe.

Baadaye mkaguzi akaniita nje. Nilijua ndio basi, jembe linaningoja Kuresoi.

"Mwalimu," akasema, "huu ndio ubeti wa kwanza nimesikia leo. Ule wa muhibu ni wako, na si mzuri sana."

Aki, hiyo "si mzuri sana" angeiacha.

"Ripoti siandiki. Nitarudi Ijumaa. Kila mtoto awe na ubeti wake mwenyewe, wa mhusika aliyemchagua mwenyewe. Wewe wasaidie vina na mizani tu. Zikiwa nzuri, nafasi ni yako. Nikikutana na muhibu tena, tutaagana."

Nikarudi darasani mbio. Nikavua koti, nikawapa karatasi, nikawaambia chagueni mhusika. Wakainama wote wakaandika. Sijawahi kuona bidii kama hiyo, nilikaribia kulia kwa furaha. Nikauliza nani amemchagua Neema. Hakuna. Bwana Gunia je? Hakuna. Wanaficha karatasi kwa mikono, wanacheka chinichini.

Kisha Kamau akaja mezani kwangu na adabu zake zote.

"Mwalimu, samahani. Nimekwama. 'Kipara' inapatana na neno gani?"

Nikajishika kichwa. (Ndiyo, kipara ninacho.) Nikafikiria kiboko, nikafikiria Ijumaa, nikafikiria viazi vya Kuresoi.

"Hasara," nikamwambia. "Andika 'hasara', Kamau. Na uhesabu mizani vizuri."